Hafidha Pandu na Rimu ya Nne

Rimu nne za aloi zilikuwa zimelazwa juu ya sponji, zikimeremeta kama sahani za arusini, na Hafidha Pandu alikuwa amesimama mbele yake, mikono ameifumbata kifuani. Miguuni pake palikuwa na kopo la rangi nyekundu na brashi, alivyokuja navyo mwenyewe. Mwenye karakana, Liang, mtu mnene mchangamfu, alikuwa amempigia simu asubuhi kumwarifu kwamba kazi imekwisha. Sasa alikuwa akingoja asifiwe.

"Laoban," alisema Hafidha, kwa neno ambalo sisi sote hapa Guangzhou humwitia tajiri wa Kichina, "nani aliyekwambia upake rangi?"

"Nzuri, Mama! Tazama. Kama zimetoka kiwandani leo."

"Sikukuuliza uzuri. Nimekuuliza nani aliyekwambia upake."

Liang akaacha kucheka.

Ili msomaji aielewe hasira hiyo, ni lazima kwanza amjue mwenyewe. Hafidha ni mzaliwa wa Kikwajuni, Unguja, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alikuja Guangzhou mara ya kwanza kununua viatu na madera, akarudi tena na tena, mwishowe akapanga chumba katika jengo moja la biashara kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, akawa wakala wa watu wa nyumbani wanaohitaji vitu wasivyoweza kuja kuvichagua wenyewe. Hana duka wala kibao mlangoni. Ana macho yake, miguu yake na ulimi wake. Kule Zhanxi, kwenye viatu vya jumla, wauzaji humjua kama mama wa kurudisha, na Watanzania wenzake wamemwita Bi Rudisha. Jina lilianza siku alipofungua gunia papo hapo njiani, akakuta viatu vya mguu wa kushoto vitupu. Aliliketia gunia lile katikati ya mikokoteni, wasukumaji wakipiga kelele mbele na nyuma, hadi mwenye duka alipoleta miguu ya kulia. Watu hulisimulia tukio hilo wakicheka. Mimi silicheki. Naona haya kwamba katika wengi tuliopita pale na magunia yaliyoshonwa midomo, ni mmoja tu aliyelifungua lake.

Maana sisi tumejenga hapa biashara nzima juu ya maneno mawili: bora ifike. Taa haziwaki? Bora zifike, huko watajuana. Zipu hazifungi? Bora zifike. Na anayeletewa, kwa kuwa yuko mbali na hana pa kushtaki, hujifunza kushukuru kwa kupokea ubovu uliopakwa rangi. Huo hauitwi ujanja wa biashara. Unaitwa dharau, na tunawafanyia watu wetu wenyewe.

Rimu hizi zilikuwa za Bi Zulekha, mama wa Unguja mwenye Benzi nyeupe ya zamani ambayo kazi yake ni kubeba maharusi. Gari hilo limekuwa likiwapeleka mabibi harusi kwa waume zao tangu Hafidha alipokuwa msichana. Yeye mwenyewe alipanda humo siku yake, akiwa ameinamisha kichwa na hina ingali mbichi. Viti ni vile vile na injini ni ile ile. Rimu ndizo zilizochakaa. Hewa ya chumvi ilizila, zikatoka vidonda vyeupe, na mafundi wa mtaani wakawa wanazipulizia rangi ya fedha juu ya vidonda, safu juu ya safu, hata umbo lake likaanza kupotea. Kupata nyingine za aina hiyo, zikiwa nzima, ni kazi ya kuzunguka sana. Basi Hafidha alipokwenda nyumbani kumzika mjomba wake, Bi Zulekha alimkabidhi zote nne azipeleke kwa watu wenye mashine. Mjukuu wake, Muzdalifa, alikuwa anaolewa, na bibi hakutaka mtoto huyo aende kwa mumewe juu ya magurudumu yenye ukurutu.

Hafidha alizunguka karakana nyingi nyuma ya masoko ya vipuri, huko Baiyun, kabla ya kumkubali Liang. Kwake palikuwa na tanki la dawa ya kuvua rangi, chumba cha kupigia mchanga, mashine ya kunyooshea rimu zilizopinda, kerezo la kuchongea uso, na tanuri la kuokea rangi ya unga. Walipatana hatua kwa hatua. Sharti la Hafidha lilikuwa moja, na alilirudia mpaka Liang akawa analisema pamoja naye: zikishavuliwa na kupigwa mchanga, kabla ya chembe yoyote ya rangi, yeye aitwe aje azione zikiwa tupu. "Rangi inaficha," alimwambia. "Nikiiona aluminiamu yenyewe, nitajua ninachopeleka."

Hakuitwa.

"Ndugu yako alipiga simu," Liang alisema hatimaye, akijipangusa mikono ambayo haikuwa michafu. "Alisema kontena linaondoka. Alisema Mama amekubali, paka tu."

Ndugu huyo hakuwa ndugu. Alikuwa Dullah, mtu wa Kariakoo, msimamizi wa kontena letu la kuchangia. Wengi wetu hatuwezi kujaza kontena peke yetu, kwa hiyo tunachangia moja, na Dullah ndiye anayetafuta bohari, anayepanga mizigo na anayeita lori la kwenda bandari ya Nansha. Kila mchangiaji ana alama yake ya rangi, na huipaka kwa mkono wake kwenye mzigo wake. Ya Hafidha ni duara jekundu lenye herufi H na P ndani. Kule nyumbani kontena likifunguliwa, macho ya watu hutafuta alama, na wakiiona wanajua nani amewaambia kwamba kitu hiki ni kizima. Tunayo na desturi nyingine, iliyozaliwa baada ya mzigo wa mwenzetu mmoja kuachwa nje kwa makusudi: mlango haufungwi mpaka kila mwenye alama asimame mbele yake na kusema "fungeni." Desturi hiyo tumeigeuza mzaha. Siku hizi watu husema "fungeni" wakiwa na kikombe cha chai mkononi, hata ndani hawatazami.

Hafidha hakuligusa kopo la rangi. Aliomba kamba, akaipitisha katika tundu la katikati la rimu ya kwanza, akamwambia Liang ashike upande wa pili. Wakaining'iniza hewani, naye akaigonga kwa mpini wa nyundo. Ikalia, mlio mrefu uliozunguka karakana yote. Ya pili ikalia. Ya tatu ikalia vilevile. Ya nne ikatoa mshindo mfupi mkavu, kama mtu aliyegonga meza.

"Hiyo rangi imekuwa nzito, Mama."

"Imekuwa nzito kwa moja tu? Ivue."

"Bu xing," alisema Liang, yaani haiwezekani, akitikisa kichwa na kidole kwa pamoja. "Imeshaokwa."

"Tanki lako la dawa nimeliona siku ya kwanza, laoban. Usinifundishe lililomo. Ivue."

Hapo ndipo gari la mizigo lilipoingia uani na Dullah akaruka chini, simu mbili mkononi.

"Da Hafidha! Bado hujapaka alama? Lori liko bohari, wenzako wote wameshamaliza, tunakungoja wewe tu."

"Dullah, ni wewe uliyempigia laoban?"

"Nilikusaidia, dada'angu. Ningekuachia uje ukague, uzigonge, uzinuse, uzilambe, kontena lingeondoka mwakani."

"Ulimwambia nimekubali."

"Si ungekubali tu?"

"Ulisema kwa mdomo wangu. Mdomo ninao mwenyewe, Dullah, na unafanya kazi."

"Kwa hilo hakuna mbishi," alisema Dullah, akamgeukia Liang akitafuta mtu wa kucheka naye. Liang alikuwa anaitazama sakafu. Kisha, bila kuambiwa tena, aliibeba rimu ya nne akaitumbukiza tankini.

Walingoja. Dullah alizunguka uani akizijibu simu zake kwa zamu: tunakuja, tuko njiani, tumeshafika. Rangi ikaanza kujikunja, ikainuka kama utandu wa maziwa, na Liang alipoitoa rimu na kuisuuza, wote watatu waliona kitu kimoja. Karibu na tundu moja la boliti palikuwa na baka la kijivu, tofauti na mwili wa rimu. Lilikuwa puti ya kuzibia mashimo, ya ile aina inayovumilia tanuri. Hafidha alilikwangua kwa bisibisi mpaka likaisha.

Chini ya puti palionekana safi kwa macho. Yeye hakuridhika. Kaka yake alikuwa fundi wa injini pale Mwembeladu, na Hafidha alikulia kwenye karakana yake akiona vifuniko vya injini vikipimwa nyufa. Aliomba mafuta ya taa ambayo Liang hutumia kuoshea vipuri, akapaka mahali pale, akayaacha yanywewe, akafuta mpaka pakakauka. Kisha akachukua chaki ya kuandikia matairi, akaisugua juu yake hadi pakawa peupe. Wakasubiri. Katika weupe ule ukatokea mstari mwembamba, wenye unyevu, ukajichora polepole kutoka tundu la boliti hadi kwenye kikonyo kinachoshika ukingo wa rimu.

"Ulikuwa unajua, laoban?"

"Nilijua," alisema Liang. "Ufa wa ukingoni nachomelea. Wa hapo kwenye boliti sichomelei. Hautengenezeki."

"Na ukaupaka puti."

"Ndugu yako alisema paka." Akanyanyua mabega. "Mama, wateja wenu wote wanasema paka."

Sentensi ile ingepasa kuandikwa juu ya kila mlango wetu hapa Xiaobei, mtaa wetu wa Waafrika. Tunawalaumu mafundi wa Kichina mchana kutwa kwamba wanatuuzia taka, nao wanatuuzia kile tulichowaagiza kwa vinywa vyetu.

Dullah aliitazama saa ya simu. "Sawa, kuna ufa. Tumeuona. Sasa apake tena twende. Dada, hili ni gari la arusi! Linakwenda kwa mwendo wa matarumbeta. Hata lingefungwa magurudumu ya keki lingefika."

"Na fungate wanakwenda Nungwi kwa matarumbeta?"

"Hafidha bwana..."

"Nijibu. Maharusi wakishatoka ukumbini, barabara nyeupe, bwana harusi ana haraka zake, dereva ana haraka zake. Hapo gari linakwenda kwa mwendo gani?"

"Wewe ndiwe utakayewaharibia watu arusi. Haya, mpigie mwenye mali. Mpigie! Akisema tupake, utanyamaza?"

Hafidha alipiga, akaweka sauti nje ili wote wasikie. Nadhani alikuwa na hakika ya jibu. Ni bibi gani asiyempenda mjukuu wake?

"Shikamoo, Bi Zulekha."

"Marahaba, mwanangu. Zimeng'aa?"

"Tatu zimeng'aa. Ya nne ina ufa kwenye boliti, na haitengenezeki."

"Mkubwa?"

"Hapo hakuna ufa mdogo, bi mkubwa."

"Ukipakwa rangi unaonekana?"

"Hauonekani."

"Basi upake, mwanangu. Nimeshawatangazia watu rimu zinatoka China, mpaka upande wa bwana harusi wanajua. Zifungwe siku hiyo moja tu, baadaye tutatafuta nyingine."

Dullah alifungua mikono yake kama mtu aliyemaliza kesi. Hafidha aliketi juu ya tairi kuukuu. Hapo, nasema bila kuwaficha wasomaji, ndipo karibu kila mmoja wetu angesimama, akachovya brashi, akapaka. Mwenye mali ameridhia. Msimamizi ameridhia. Fundi yuko tayari. Kisingizio kimekamilika pande zote, na wa kusema hapana amebaki mama mmoja aliyeketi juu ya tairi.

"Bi Zulekha," alisema, "rimu ni yako na nitakurudishia. Lakini alama ni yangu. Nikiipaka juu ya rangi hii, nimewaambia watu ni nzima. Mimi nilipanda gari hilo. Sitamwambia Muzdalifa uongo nikiwa huku, yeye amekaa juu yake huko."

"Wewe na alama yako! Dullah yupo hapo? Namsikia anavyopumua. Dullah, mwanangu, paka yako wewe yaishe."

Hafidha alinyanyuka, akaliokota kopo, akamnyooshea. "Chukua. Brashi hii hapa."

Dullah aliitazama brashi. "Mimi? Kwani mzigo wangu?"

"Si ufa mdogo? Si mwendo wa matarumbeta? Paka."

"Dada, alama yangu inajulikana Kariakoo nzima. Likija kutokea la kutokea watasema..."

Akarudi nyuma hatua moja, kwa sababu alikuwa amejisikia mwenyewe. Kila mtu alitaka rimu ile isafiri. Hakupatikana hata mmoja wa kuisafirisha kwa jina lake. Ndivyo bora ifike inavyofanya kazi siku zote. Inahitaji jina la mtu mwingine.

Hafidha aliyarudisha macho kwenye rimu tupu, iliyokuwa bado na weupe wa chaki. Alichovya brashi. Akauzungushia ufa mstari mwekundu, akaandika kando yake, kwa herufi za kuonekana kutoka mbali, UFA. Chini yake akachora duara lake, na ndani yake H na P.

"Sasa hiyo alama umeipaka ya nini?" aliuliza Dullah.

"Nimesema ni nzima? Nimesema ina ufa. Hilo naliwekea jina langu hata mbele ya kadhi." Akaisogelea simu. "Bi mkubwa, nakuletea mali yako yote. Tatu zimefungwa vizuri. Ya nne iko wazi."

"Utanifedhehesha, Hafidha."

"Nifedheheke mimi na wewe, mtoto abaki salama. Asalaam aleikum."

Kule bohari, lori lilikuwa limeshawashwa na dereva alikuwa akipiga honi kwa mfululizo wa mtu anayeiona foleni ya Nansha ikirefuka kichwani mwake. Rimu tatu ziliingia. Ya nne Dullah aliizuia kwa mguu.

"Hii haipandi. Watu watafungua kontena langu wakute maandishi haya? Watasema Dullah anasafirisha vibovu."

"Vibovu umesafirisha miaka yote. Hiki ndicho cha kwanza kinachojitaja."

Wachangiaji wengine walikuwa wamejipanga na vikombe vyao vya chai. Mmoja baada ya mwingine wakasema "fungeni," wengine wakiwa wameshaipa milango mgongo. Vibarua wakaanza kuisukuma. Hafidha akaiviringisha rimu yake hadi mlangoni, akailaza chini, akaikalia, kama alivyolikalia lile gunia la viatu.

"Mimi sijasema," akasema.

Hata waliokuwa wakimcheka walijua kwamba hapo hakuna ujanja. Desturi ilikuwa yetu sote, na mlango ule haungeweza kufungwa kihalali mpaka mama yule aseme neno moja.

"Da Hafidha," Dullah alisema kwa sauti ya chini, "ukinifanyia hivi, hili ndilo kontena lako la mwisho na mimi."

"Liwe la mwisho. Lakini hili bado ni langu."

Dullah akaipakia kwa mikono yake mwenyewe, maneno mekundu yakitazama nje. Hafidha aliingia, akaukagua mzigo wake wote tangu chini hadi juu bila haraka, huku chai za watu zikipoa. Kisha akatoka, akasimama mbele ya mlango.

"Fungeni."

Dullah alilishika neno lake. Tangu siku hiyo Hafidha hapati nafasi kwake, na hutafuta wa kuchangia naye mmoja mmoja, kwa taabu, katika mikahawa ya Huanshi Zhonglu. Anaowapata huwaambia mapema kwamba mzigo utafunguliwa mbele ya mwenyewe, asiyetaka anywe chai yake aondoke. Wengi huondoka.

Na Unguja? Kontena lilipofunguliwa, vibarua waliyasoma maandishi kwa sauti. Dereva wa Benzi aliyasoma pia, akasema yeye ana watoto. Bi Zulekha hakuwa na la kufanya tena. Siku ya arusi gari lilitoka na rimu tatu zinazong'aa na, nyuma kushoto, spea ya chuma, nyeusi, iliyotolewa kwenye buti. Jioni ile Bi Zulekha alimtumia Hafidha picha: Muzdalifa anashuka, shela imeukumba mlango, na kando ya kiatu chake cheupe gurudumu jeusi limeonekana lote. Chini yake bibi aliandika: "Watu wameniuliza gurudumu gani lile. Nimewaambia wakaulize Guangzhou. Bado nimekasirika. Nitafutie la nne."

Hafidha hakumwomba radhi. Aliikuza picha ile mpaka gurudumu jeusi likajaa kioo, akaiweka kuwa picha yake ya simu, mahali ambapo kila mteja na kila muuzaji wa Zhanxi, na Dullah pia, wataiona wakitaka kumpigia. Kisha akavaa viatu, akashuka ngazi, akapanda basi kwenda Baiyun kutafuta rimu ya nne.